Tupeane uzoefu: kufungua mgahawa mdogo huku kwenye baridi

Wakuu, vipimo vingi vya mapishi ya biashara vinavyozunguka vimetoka Pwani, na huku Nyanda za Juu havikubali. Mweke mnachokijua, mkianza na mahali mlipo, kipimo na sababu yake, ili anayefungua mwezi ujao asimalizie mtaji kwenye sufuria ya kwanza.

Uyole (Mbeya), maharage
Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemkia nyuzi 94 hivi. Ukiongeza mkaa yanakauka haraka tu, joto halipandi. Ndiyo maana maharage huku yanachelewa kuiva kuliko Dar. Yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, bandika kwa maji mapya na ufunike. Nyanya zisubiri mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili, maana uchachu wake unakaza maharage. Magadi yanasaidia kweli, ila yakizidi mchuzi unanuka sabuni. Sokoni uliza ya msimu huu. Yaliyolala stoo mwaka mzima yanakula mkaa na bado hayalainiki. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha kabla ya viti vizuri. Hapo sina mjadala.

Ipogolo (Iringa), chapati na maandazi
Ngano kilo 1, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, mafuta vijiko vinne vya chakula, maji ya uvuguvugu nusu lita na kidogo: unapata chapati 10 hadi 12. Acha donge lipumzike nusu saa. Chapati ikitoka ngumu kama ngozi, mara nyingi kosa ni moto mdogo: inakaa sana kwenye kikaango na kukauka kabla ya kuiva.

Maandazi ya hamira mwezi wa sita na wa saba yanagoma kuumuka. Maji yawe ya joto ambalo kidole kinavumilia bila shida, beseni lifunikwe na liwekwe karibu na jiko. Msiimwagie hamira maji ya moto mkidhani mnaisaidia, mnaiua.

Njombe, chipsi
Wengi wanalaumu mafuta chipsi zikiwa nyeusi nje na mbichi ndani. Tazama viazi kwanza. Kiazi kilichokaa kwenye baridi kali kinageuza wanga wake kuwa sukari, na sukari ndiyo inayoungua. Usiweke magunia kwenye sakafu ya saruji usiku. Viweke chumba chenye joto kidogo, penye giza, wiki mbili hivi kabla ya kukaanga. Kabla ya kununua gunia zima, omba viazi vitatu ukavijaribu.

Mwanjelwa (Mbeya), hesabu ya sahani
Mchele wa Kyela kilo 5 unatoa wali kilo 13 hivi. Sahani ya gramu 350 inakupa sahani 37. Mpakuaji akizidisha gramu 50 tu, zinabaki 32. Sahani tano zimeondoka kwenye sufuria moja, na mara nyingi faida ilikuwa humo humo. Nunua mzani, pima upawa mmoja uliojaa, na uwe huo huo kila siku, hata msaidizi akibadilika. Kwenye gharama ya sahani weka pia mkaa, maji, sabuni na mshahara wako mwenyewe, siyo mchele na nyama peke yake.

Mafinga, vibali
TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni ya halmashauri, vipimo vya afya vya wote wanaoshika chakula. Usajili wa majengo ya chakula uko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019. Mwite bwana afya aone eneo kabla hujalipa kodi ya pango.

Mwanjelwa tena
Mama uliyeuliza kama wali unaweza kulala kwenye sufuria kwa kuwa usiku ni baridi: hapana, tafadhali. Baridi inagusa juu na pembeni. Katikati ya sufuria kubwa panabaki vuguvugu saa nyingi, na vijidudu vilivyovumilia mchemko vinaamka hapo. Sumu vinayoiacha haiishi kwa kupasha asubuhi. Wali ukibaki, utandaze kwenye sinia pana, unene usizidi vidole viwili, upoe ndani ya saa moja, kisha uingie kwenye friji. Kama huna friji, punguza kilo moja kwenye sufuria ya kesho.