Mdogo wangu anasoma umeme, ghafla hataki kuingia karakana. Nifanyeje?

Dada wa Kwanza
Wakuu, habari za majukumu. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 19, anasoma umeme wa majumbani kwenye chuo kimoja cha ufundi stadi huku Kanda ya Ziwa. Ngazi ya kwanza alipita vizuri, mpaka mwalimu wake akanipigia simu kunipongeza. Tangu arudi fildi amebadilika. Nadharia anasoma, ila ikifika zamu ya karakana mara tumbo, mara kichwa. Kazi mbili mfululizo mwalimu amemwandikia kuwa hajamudu, na mtihani wa vitendo unakaribia. Ada nalipa mimi kwa biashara ya dagaa, wazazi wetu hawapo. Nimtafutie mtu wa kumfundisha jioni, au hofu ya mtihani ina namna yake ya kutibiwa? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Ngoja Waje
Navuta kiti, waje wajuzi.

Mzee wa Kitongoji
Simu hizo binti yangu, mnyang'anye simu. Mimi nilijifunza useremala Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, vyuo vile vilivyoanza 1975 wakati wa Mwalimu. Tulikuwa tunalima asubuhi, mchana randa na msumeno, jioni kisomo. Hakuna aliyesema anaumwa tumbo. Meza niliyotengeneza mwaka ule mke wangu anakatia mboga mpaka leo. Vijana wa sasa wanataka cheti bila jasho.

Mama Nuru
Mzee, kijana alipita ngazi ya kwanza, huo siyo uvivu. Dada, mkae chini umuulize taratibu kama kuna msichana. Wa kwangu alisusa chuo wiki nzima, kumbe kaachwa. Na umwombee, mitihani ina vita yake.

Fundi Saketi
Dada kauliza jingine, tunajibu jingine. Mtu aliyemudu kufunga soketi na swichi mwaka jana hawezi kusahau kwa miezi miwili. Kuna jambo lilitokea fildi. Lipi?

Dada wa Kwanza
Ni ajali ndogo tu mkuu. Walikuwa wanafunga hita ya maji kwenye nyumba ya zamani, akaunga vibaya, bodi la hita likawa na moto, yaani umeme. Fundi aliyekuwa naye alipigwa shoti akaanguka, ila anaendelea vizuri. Mdogo wangu akarudishwa kabla ya muda. Si mambo ya kawaida kwenye ufundi?

Fundi Saketi
Si ya kawaida hata kidogo. Bodi kuwa na moto maana yake waya wa moto ulifungwa kwenye sehemu ya ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Ni volti 230 hizo, na mahali penye maji. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), kijani kwa ethi. Alibadilisha zipi?

Dada wa Kwanza
Nyekundu na kijani.

Fundi Saketi
Rangi anaziona?

Ngoja Waje
Dada mbona kimya?

Dada wa Kwanza
Nipo, nilikuwa sokoni. Sikutaka kuliandika hapa kwa sababu nilijua mtasema aache. Hapana, nyekundu na kijani hazitofautishi, toka utotoni. Tukimtuma nyanya mbivu analeta mbichi, tunamcheka. Mama alituambia tusiwaambie watu. Chuoni hakuna aliyemuuliza. Nyaya walizofundishiwa ni za kisasa: kahawia, bluu, na ile ya kijani yenye mstari wa njano. Bluu anaiona vizuri sana na ethi anaijua kwa mstari wake, hivyo hakuwahi kukosea. Kwenye ile nyumba ya zamani ndipo mambo yalipoharibika.

Sasa msinishambulie. Rafiki yake wa darasani amekubali kuwahi kwenye chumba cha mtihani, kila waya wa moto auwekee alama ndogo ya kalamu. Kufunga atafunga mwenyewe, mikono ni yake na akili ni yake. Huo siyo wizi wa mtihani. Nikisema ukweli watamwondoa, na ada ya mwaka mzima nimeshalipa.

Bodaboda Msomi
Mimi namuunga mkono dada. Hapa mjini kila mtu ana wa kumshika mkono. Nilifeli ufundi magari kwa sababu ya hesabu, hakuna aliyenionyesha hata jibu moja, leo niko juu ya pikipiki na mvua yote hii. Angekuwepo rafiki kama huyo ningekuwa na gereji yangu.

Mwalimu wa Karakana
Nafundisha umeme. Kwa ufundi wetu tunapima umahiri: kazi imemudiwa au bado. Alama ya kalamu itampitisha siku moja. Je, kwenye nyumba ya mteja, juu ya dari, saa mbili usiku, nani ataweka alama? Mimi sizungumzii cheti, namzungumzia mtoto atakayeshika bomba la bafuni.

Lakini sisemi aache. Kwanza, rangi ya waya ni lebo aliyoiweka mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuwa alikosea. Fundi mzuri hata mwenye macho makali haamini rangi. Anazima swichi kuu, anapima kwa testa au multimita kuhakikisha hakuna moto, halafu anapima kila waya unatoka wapi unaenda wapi. Kijana wako akizoea hivyo kila siku, atakuwa mwangalifu kuliko wenzake wanaoangalia rangi tu na kufunga.

Pili, amwambie mwalimu wake kabla ya mtihani. Nyaya zinavishwa vipande vyenye herufi na namba, vile vile tunavyotumia kwenye paneli za viwandani ambako nyaya hamsini zote ni nyeusi. Hiyo ni lebo halali, iliyowekwa wazi, wala haihitaji rafiki wa kunyemelea. Mwanafunzi mwenye tatizo hili akijitokeza mapema, mwalimu ana nafasi ya kuuliza wasimamizi wa mtihani afanyiweje. Akikamatwa na alama za siri, mlango huo unafungwa kwake na kwa rafiki yake.

Dada wa Kwanza
Mwalimu, ni rahisi kusema hivyo ukiwa upande wa mezani. Huku kwetu ukisema mtoto ana kasoro, hiyo kasoro ndiyo inakuwa jina lake. Na vipi wakikataa?

Mwalimu wa Karakana
Wakikataa umeme, kuna ubomba, uashi na useremala. Siwezi kukuahidi watakubali. Ninachojua ni kwamba akitoka hapo atataka leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, afunge majumba ya watu kwa jina lake, na siku hiyo siri itakuwa nzito kuliko leo.

Kunguru wa Posta
Jamani mnakunywa chai hii bila hata andazi? Upofu wa rangi ni wa wazungu, mtu mweusi hana. ID imefunguliwa juzi. Mwanzo wazazi hawapo, sasa mama anatoa siri. Na mtu haoni rangi halafu anapita umeme ngazi ya kwanza? Mleta uzi anatunga.

Ngoja Waje
Hapo kwenye wazazi hata mimi nilishtuka.

Dada wa Kwanza
Mama alifariki 2016. Alisema akiwa hai. ID nimefungua kwa ajili ya jambo hili hili, ulitaka niandike kwa jina ambalo majirani wanalijua? Kama ni chai, usinywe.

Fundi Saketi
Kunguru, umekosea. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini inafikia karibu 1 kati ya 12. Kwetu ni wachache zaidi, lakini wapo. Wanaume wanaipata zaidi kwa sababu inarithiwa kupitia kwa mama, hata kama mama mwenyewe anaona rangi zote. Na maelezo ya nyaya ndiyo yaliyonifanya nimwamini: mtu anayetunga asingejua kuwa nyaya mpya zingemficha na za zamani zingemuumbua. Uingereza, tulikorithi rangi zile za zamani, yenyewe iliacha nyekundu na nyeusi kwenye ufungaji mpya wa majumbani mwaka 2006. Nyumba zetu bado zimejaa nyaya hizo.

Mzee wa Kitongoji
Nimesoma mpaka hapa. Binti, nafuta habari ya simu. Useremala nafasi ipo, mbao haina rangi ya kukuua.

Mama Nuru
Fundi, umesema kupitia kwa mama? Mwanangu mdogo anachora majani kwa kalamu ya kahawia na mwalimu anamchapa kwamba anafanya utani. Kaka yangu alikuwa vile vile. Apimwe wapi?

Fundi Saketi
Kliniki ya macho. Msiseme tu "apimwe macho", maana zile herufi za ukutani hazionyeshi hili. Ombeni kipimo cha rangi, kile cha kitabu chenye namba zilizochorwa kwa vidoti, cha Ishihara. Kipo tangu 1917 na hakichukui muda. Na mwalimu aache kumchapa huyo mtoto, mama, nenda kesho.

Kunguru wa Posta
Sawa, kuhusu watu weusi nimekubali. Mengine bado nina wasiwasi nayo.

Dada wa Kwanza
Nimeongea naye jana usiku. Alilia, akasema yule fundi aliyepigwa shoti anamwota. Rafiki nimemwambia aachane na zile kalamu, ameshukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa mwalimu wake bado sijaenda. Nataka karatasi ya hospitali kwanza mkononi, nisiende na maneno matupu.

Mwalimu wa Karakana
Usisubiri karatasi. Nenda mapema kabla majina hayajafungwa, karatasi itafuata. Na kabla ya mtihani, mwambie kijana aje karakana yoyote iliyo karibu na multimita yake, afanye mazoezi ya kutafuta waya wa moto bila kuangalia rangi. Anatumia multimita aina gani?

Dada wa Kwanza
Hana. Wanaazimana watatu.

Bodaboda Msomi
Niko Mwanza, ninayo ya kwangu tangu chuo, imekaa tu kabatini. Dada njoo PM.