The Thing ya 1982: kati ya wale wawili, nani si binadamu?

Jirani wa Umoja: Wadau, stima zilipotea jana usiku katikati ya filamu, nikaimalizia kwa simu gizani. Kambi ya Antaktiki, wanaume wamezingirwa na barafu, kuna kiumbe kinachojigeuza kuwa yeyote kati yao, hakuna anayemwamini mwenzake. MacReady, rubani wao, alipochovya waya wa moto kwenye damu kupima nani si binadamu, chai ilinimwagikia mapajani! Sasa mwishoni wamebaki yeye na mwenzake Childs tu. Nani kaambukizwa?

Fundi Kariobangi: Childs. Kambi ikiwaka alikuwa wapi?

Shosh wa Rongai: Carpenter, mwongozaji, aliacha hivyo makusudi. Mimi namwogopa yule mbwa anayechungulia dirishani, kimya tu.

Jirani wa Umoja: Sawa shosh, lakini Childs akishapiga funda la ile chupa, MacReady anacheka nini?