Mjadala: Je, simu za spika zipigwe marufuku ndani ya magari ya abiria na kwenye foleni za hospitali?

MLETA MADA (Arusha)

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, ninaileta hoja hii kwa sababu imekwisha kuanza kuamuliwa bila sisi. Katika Coaster zinazokwenda na kurudi kati ya miji hii miwili, wapo makondakta wanaomtaka abiria azime spika ya simu yake, na wapo wasiojali hata kama abiria watatu wanatazama video tatu tofauti kwa sauti ya juu. Kwa hiyo mtu anayesafiri kilomita zipatazo 80 hutegemea tu bahati ya gari alilopanda. Kwenye mabenchi ya kusubiria daktari hali ni hiyo hiyo. Ninauliza kama wakati umefika wa kuwa na kanuni moja iliyoandikwa, au kama jambo hili libaki mikononi mwa ustaarabu wa kila mmoja.

Niseme msimamo wangu mapema ili wanaonipinga wasihangaike kuutafuta. Sitaki simu izuiwe. Mtu apokee, aongee, acheke, amalize. Ninachotaka kizuiwe ni spika, yaani kuichukua sauti ya aliye upande wa pili na kuimwaga mbele ya watu asiowaona na ambao hakukubali wamsikie.

Wengi wanaounga mkono marufuku hutanguliza kero, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba anayesikia upande mmoja tu wa mazungumzo ya simu huvurugika zaidi katika kazi yake kuliko anayezisikia pande zote mbili, kwa kuwa akili huhangaika kubashiri kile kisichosikika. Kwa kipimo hicho spika ina nafuu, kwa sababu angalau tunapewa hadithi nzima! Ndiyo maana siijengi hoja yangu juu ya masikio ya abiria. Ninaijenga juu ya siri ya mtu ambaye hayumo ndani ya gari.

Hivi karibuni, kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva alipigiwa na binti yake, akaiweka simu mapajani, spika ikiwa wazi. Tulisikia deni la kikoba, tukasikia jina la jirani aliyemdhamini binti, tukasikia pia kwamba mume hajui lolote na asiambiwe. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akacheka. Binti akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, nani huyo anacheka?" Mama akajibu kwamba ni redio, nasi gari zima tukakaa kimya, kila mmoja akiwa ameshiriki uongo ule. Mama yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na pengine sikio moja linamsumbua. Lakini binti alikuwa amemwamini mama yake peke yake, na aliposhuka yule kijana pale Boma alishuka na jina la jirani, kiasi cha deni na habari za ndoa ya watu.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake binafsi. Tumezoea kuikumbuka tunapoilaumu serikali au kampuni, na tunaisahau pale anayeifungua siri yetu anapokuwa shangazi, rafiki au mteja aliyeona uvivu wa kuinua mkono hadi sikioni.

Kuna wanaosema adabu ya simu haifundishiki kwetu. Mbona tayari tunayo? Msikitini imamu akitukumbusha tuzime simu, zinazimwa. Mahakamani simu ikilia, mwenyewe huanza kutetemeka kabla hakimu hajainua uso. Ndani ya benki mlinzi akisema hapa simu hairuhusiwi, hakuna anayemwuliza kifungu cha sheria. Sehemu hizo zote zina mwenyewe, na mwenyewe anajua kuwa ana haki ya kusema. Gari la abiria na foleni ya hospitali vina wenyewe pia, ila wenyewe hao hawajaambiwa kwamba wanaweza kusema. Kanuni ninayoitaka ni ya kuwapa mdomo.

MFANYABIASHARA WA VITUNGUU (Kilombero, Arusha)

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, na ninakupinga. Mzigo wangu hutoka Mang'ola, na mara nyingi mimi huwa safarini kwenda Moshi kutafuta wanunuzi wakati vitunguu vyenyewe viko bado njiani. Mkono mmoja umeshika daftari, wa pili kalamu, na simu iko juu ya goti. Mtu wa soko la Mbuyuni akinitajia bei ya gunia, ninaiandika hapo hapo pamoja na idadi anayotaka, kisha ninampigia mwingine. Nikisubiri hadi nishuke, mwenzangu aliyetangulia atakuwa amekwisha kufunga biashara. Tena simu yangu ni kitochi ambacho upande wa sikioni ulikufa zamani, spika ndiyo iliyobaki. Ninyi wenye simu za laki kadhaa mnaweza kujadili adabu kwa raha zaidi kuliko sisi.

Hilo ni la kwangu, ila lipo la watu wote. Ndani ya gari hilo hilo dereva amefungulia redio, na katikati ya viti amesimama muuza dawa aliyepanda stendi, anayetangaza dawa ya minyoo, ya meno na ya mgongo, zote katika kichupa kimoja, hadi tunafika Tengeru, ambako siku nyingine hupokewa na mhubiri. Hao wote hakuna aliyewagusa. Kwa nini kanuni ianze na abiria aliyelipa nauli yake kamili?

Na kuhusu siri, mteja wangu anajua kwamba mimi ni mtu wa njiani. Asiyetaka asikike ataniambia nimpigie nikishuka.

MUUGUZI (Moshi)

Ninaunga mkono hoja hii kwa upande wa magari. Kwa upande wa hospitali nina shaka, na shaka yangu inatokana na ninachokiona kazini: wodini spika mara nyingi ni kikao cha ukoo. Mzee anatakiwa afanyiwe upasuaji. Mtoto wake mkubwa yuko Dar es Salaam, wa pili yuko Mwanza, dada yake mzee yuko Rombo, na fedha itatoka katika mifuko mitatu. Simu inawekwa juu ya shuka, daktari anaeleza mara moja, wote wanasikia maneno yale yale, na hakuna atakayesema baadaye kwamba alifichwa. Nikikataza spika pale, mgonjwa atasubiri ruhusa inayopita mdomo hadi mdomo na kufika ikiwa imegeuka. Ninachoweza kukubali ni kwamba familia ipewe chumba au kona ya veranda ya kufanyia mazungumzo hayo, mahali ambapo majengo yanaruhusu, na si kila mahali yanaruhusu.

Wakati huohuo kuna jambo kubwa zaidi ambalo mleta mada hakuligusa, nalo ni kamera. Ndugu anakuja saa ya kuona wagonjwa, anapiga simu ya video ili jamaa wa nyumbani wamsalimie mgonjwa wao, na kwa furaha anaizungusha simu taratibu kutoka mlangoni hadi dirishani. Kitanda cha jirani kinaonekana chote, pamoja na aliyelala juu yake, mpira wa mkojo ukining'inia na shuka ikiwa imeteleza. Nimeshuhudia mgonjwa akijifunika uso kwa kanga kila alipoona simu imeinuliwa, hata ilipokuwa imeinuliwa kutafuta mtandao tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini imetungwa kwa kuwaangalia zaidi wanaozikusanya na kuzichakata, yaani sisi watoa huduma. Ndugu mwenye simu aliyekuja na chupa ya uji haoni kama inamhusu. Kama mnataka kanuni moja tu kwa hospitali, basi iwe hiyo: simu isielekezwe kitanda kisicho chako.

ABIRIA WA HIMO

Sina maneno mengi. Mkishaiandika kanuni hiyo na kuiwekea faini, mtakuwa mmeongeza sababu nyingine ya gari kusimamishwa njiani, na sisi abiria ndio tutakaochelewa. Kila faini ya barabarani ina mlaji wake.

MLETA MADA (Arusha)

Ndugu wa Himo amenisaidia kuliko alivyokusudia, kwa maana faini hata mimi siitaki. Tazameni sigara. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kuvuta ndani ya vyombo vya usafiri wa umma, na sijapata kumwona abiria akitozwa faini kwa kosa hilo, lakini leo mtu akiwasha sigara ndani ya Coaster hatafika hata Sanawari kabla abiria wenzake hawajamtaka aizime au ashuke. Kilichobadilika ni kwamba asiyevuta alipata uhakika kwamba kanuni iko upande wake, naye akathubutu kufungua mdomo. Spika nayo ipewe nafasi kama hiyo. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni za magari haya, na tangazo dogo lenye baraka zake lingetosha bila kumhusisha askari wa barabarani.

Kwa mfanyabiashara wa Kilombero, nusu ya hoja yako ninaichukua nzima. Mwanzoni mwa karne iliyopita tabibu Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila anayepanda gari la abiria analijua hata kama hajui jina lake: mtu aliyezungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Injini inanguruma, redio inaimba, abiria anapiga kelele ili ajisikie mwenyewe, jirani yake naye anapandisha sauti ya video ili asizidiwe, na dereva akiona redio haisikiki anaiongeza. Ni kweli kabisa kwamba kumkemea abiria kabla ya kupunguza redio ni kuanza na mnyonge. Redio ipungue kwanza. (Muuza dawa ninakuachia wewe, nilinunua kichupa chake, na mgongo bado unauma.)

Nusu ya pili siipokei. Unasema mteja wako anajua kwamba wewe ni mtu wa njiani. Anajua kwamba uko njiani, lakini hajui kwamba jirani yako wa kiti ni mnunuzi mwenzake aliyekwisha kusikia bei aliyokutajia. Hata mbele ya vibanda vya mawakala wa fedha ninaona uzembe wa aina hiyo, mtu akisomewa namba ya siri na nduguye kwenye spika huku foleni imemzunguka. Na sisi ndio tunaopokea kila wiki ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii", tukishangaa majina yetu yamefikaje huko. Kwa mwenye simu mbovu, na kwa mzee ambaye sikio limechoka, ninakubali spika itumike kwa sharti moja, kwamba aliye upande wa pili aambiwe tangu mwanzo: nimekuweka kwenye spika, niko kwenye gari.

Muuguzi amenishinda kuhusu wodi. Hospitali niiondoe kwenye spika na tuijadili kwa hiyo kamera yake, kwa mada ya peke yake.

KONDAKTA (njia ya Arusha na Moshi)

Mnanizungumzia kana kwamba sipo, nami nipo na ninawasoma. Umri wangu haujafika miaka thelathini, na abiria wangu wengi ni sawa na wazazi wangu. Nikimwambia mama mtu mzima "zima spika", mimi ndiye niliyekosa adabu, hata kama kosa ni lake, na gari zima litahamia upande wake. Kwa hiyo huwa ninainama na kusema, "Shikamoo mama. Samahani, mtandao wa hapa unakatakata, ukiiweka sikioni utamsikia vizuri zaidi." Hadi leo hajatokea aliyekasirika. Ila nimechoka kuusingizia mtandao, na vijana wenye video hawasikii lugha hiyo, kwani wanajua mtandao kuliko mimi.

Tangazo la kwenye kioo lingenisaidia, kwa sababu ningelinyooshea kidole nikanyamaza. Mleta mada atuandikie maneno yenyewe. Yasizidi sentensi mbili, maana kioo cha karibu na mlango kimekwisha kujaa nauli na namba za kutoa malalamiko.

MLETA MADA (Arusha)

Ninapendekeza hivi: "Abiria, simu iwekwe sikioni, isiwekwe kwenye spika. Ukilazimika kutumia spika, mwambie unayezungumza naye kwamba gari zima linamsikia."

MFANYABIASHARA WA VITUNGUU (Kilombero, Arusha)

Sentensi ya kwanza ninaikataa, ya pili ninaikubali. Ibandikwe hiyo ya pili peke yake, nami mteja wangu wa Mbuyuni nitamwambia kila asubuhi kwamba gari zima linamsikia. Huenda hata bei akaitaja kwa heshima. Lakini redio nayo iandikiwe tangazo lake, tena libandikwe mbele ya macho ya dereva.