Mliowahi kuinua karavani ya zamani iliyokaa chini, tupeane uzoefu

Trela_ya_Babu:
Wakuu, salama? Nina karavani (nyumba ndogo ya kuvutwa na gari) ya miaka ya 60, yenye ekseli moja, yaani bomba moja la chuma linaloshika magurudumu, mbao ndani, bati la alumini nje. Niliirithi kwa babu, nimeitengeneza kwa mikono yangu miaka miwili. Jana naingia kambini, pale penye kijimtaro, nikasikia mkwaruzo nyuma, halafu kishindo. Kushuka, bomba la maji machafu limeng'oka na valvu yake, limelala mtaroni. Nilikuwa nimeshapima kabla ya safari: kutoka bomba hadi ardhini ni sentimita 17 tu, na mkia wa karavani ni mrefu. Ekseli imekaa juu ya springi. Nataka kuinua. Aliyewahi kufanya aseme kilichomkuta, hata kama ni kichungu.

Kiti_cha_Nyuma:
Bomba! Mimi ni mara ya pili sasa. Nimekaa hapa nasoma.

MamaSpringi:
Kaka, kabla hujainua hakikisha haijazama. Yangu niliamini iliumbwa hivyo, fupi fupi. Siku nilipoweka springi yake kando ya mpya ndipo nikaelewa: mpya ina upinde, ya kwangu imenyooka kama rula. Miaka yote hiyo imebeba nyumba, imechoka. Nilibadilisha springi peke yake nikapata sentimita 5, wala sikuchomelea kitu.

FundiMstaafu:
Dada kasema vema, anzia hapo. Springi mpya zisipotosha, kazi ni kuihamisha ekseli itoke juu ya springi ikae chini yake. Unachopata ni unene wa bomba la ekseli pamoja na unene wa springi, kwa trela ndogo mara nyingi sentimita 10 hadi 13.

Ila tafadhali, ekseli USIIPINDUE. Watu wanaona njia ya mkato ni kuigeuza juu chini ili vikalio, vile vibao vya chuma vinavyokaliwa na springi, viangalie juu. Ekseli ya trela ina upinde mdogo, katikati imeinuka, ili ikibeba mzigo tairi zisimame wima. Ukiipindua, tairi zinaegemea ndani na kuliwa upande mmoja. Na breki za umeme nazo zinageuka: kiatu kifupi cha breki kinachotakiwa kitazame mbele kinatazama nyuma. Chomelea vikalio vipya upande wa juu wa bomba, mchomelo uende kwa urefu wa bomba, usilizungushe. Joto likizidi bomba linapinda.

Kiti_cha_Nyuma:
Hilo la breki sikulijua kabisa. Ahsante mzee wangu.

Nyuma_ya_Usukani:
Niliapa sitaisimulia tena, lakini hiyo sauti ya mkwaruzo imenirudisha kulekule.

Mwaka jana nilimpelekea fundi trela yangu. Vikalio alichomelea vizuri, sina neno. Shida ilikuwa bolti ya katikati, ile inayoyashika majani ya springi pamoja. Ekseli ikiwa juu, kichwa cha bolti kinatazama juu na kuzama kwenye tundu la kikalio. Ekseli ikihamia chini, springi inafunguliwa, bolti inageuzwa, kichwa kitazame chini. Yeye hakufungua. Nati ilikuwa pana, haiingii tunduni, akaisaga mpaka ikabaki kipande. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, akarudisha zilezile za zamani zenye kutu. Nilikuwa nimesimama palepale naona, nikanyamaza, kwa sababu sikujua kile kichwa cha bolti ndicho kinachozuia ekseli isiteleze.

Siku tatu za kwanza safari ikawa tamu. Siku ya nne tunashuka mlima mrefu, mke wangu pembeni, watoto wawili nyuma. Nikakanyaga breki kwenye kona, mkia wa trela ukaanza kutambaa kulia. Nikadhani upepo. Nikakanyaga tena, ukatambaa zaidi. Kwenye kioo nikaona moshi mweupe, na gurudumu la kulia halipo mahali pake: limerudi nyuma, limeingia kwenye ukuta, linatafuna mbao. Binti yangu akauliza, "Baba, nyumba yetu inaungua?" Sikumjibu. Nilishagundua kwamba kila nikikanyaga breki ekseli inarudi nyuma, na nisipokanyaga mlima unatuchukua. Nikashusha gia hadi ya chini kabisa, injini inalia, nikawa nagusa breki kidogo na kuachia, kidogo na kuachia, mpaka penye changarawe pembeni ya barabara.

Tuliposimama sikuweza kuiachia usukani mikono. Mke wangu ndiye aliyenibandua vidole. Sakafu ilikuwa imepasuka, kabati limeanguka, tairi limebaki nyuzi. Ekseli ilisogea upande mmoja karibu shibiri. Shibiri moja, wakuu.

MamaSpringi:
Mungu wangu. Watoto hawakuumia?

Nyuma_ya_Usukani:
Wazima wote. Mdogo mpaka leo hapandi kwenye trela kama sijamwonyesha bolti.

Trela_ya_Babu:
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

ChumaNiChuma:
Pole. Lakini tusiwatishe watu, hapo kosa ni la fundi, kuinua hakuna kosa. Na nyie wa kuogopa kila kitu mkumbuke mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya karavani ya Airstream, aliongoza msafara wa trela zake 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Trela zimevuka bara zima, sisi tunashindwa na kijimtaro cha kambi?

Dada_wa_Njia:
Mkuu, trela zile zilikuwa mpya, hii ina miaka sitini! Chesisi yake ina kutu tusiyoiona. Unaifananisha vipi?

ChumaNiChuma:
Nasema ziliumbwa kwa kazi.

Dada_wa_Njia:
Na mimi nasema kazi hiyo zilishaifanya. Kagua chesisi kwanza, gonga kwa nyundo kila mahali springi inaposhikilia. Ikitoa sauti ya bati bovu, hata useme nini, usiinue.

ChumaNiChuma:
Kukagua sijakataa.

MpiraMgumu:
Mnaongelea springi za majani tu. Wenye ekseli za mpira je, zile ambazo mpira ulio ndani ya bomba ndio unaofanya kazi ya springi? Airstream walianza kuzitumia 1961, na mpira ule unazeeka. Inua trela kwa jeki kwenye chesisi, tazama mkono unaoshika gurudumu. Ukishuka vizuri, mpira uko hai. Ukibaki palepale kama umegandishwa, mpira umekufa, na hapo trela imekaa chini kwa sababu hiyo. Mimi niliweka vipande vya chuma kati ya chesisi na ekseli nikafurahia kimo, lakini trela ikawa inarukaruka mpaka skrubu za ndani zinadondoka sakafuni. Ningenunua ekseli mpya tangu mwanzo.

Jeki_Mbili:
Usiweke jeki katikati ya ekseli! Nilipinda yangu hivyo. Jeki chini ya chesisi, halafu stendi, ndipo uingie chini.

Kiti_cha_Nyuma:
Na mimi nikirefusha shako tu, kile kiungo kinachoshika springi kwenye chesisi? Au niweke tairi kubwa?

FundiMstaafu:
Shako iko ncha moja tu ya springi. Ukiirefusha sentimita 4, ekseli inapata 2. Tairi vilevile, kipenyo kikizidi 4 unapata 2, halafu trela ikiruka tairi linapiga bati. Pima nafasi iliyopo juu ya tairi kwanza.

Dada_wa_Njia:
Mimi sikuinua. Nilichomelea viroli viwili vya chuma mkiani na bomba nikalipandisha juu ya chesisi. Mkia unagusa, unabingirika, tunapita. Trela iliyo juu inasukumwa na upepo zaidi, nyie hamlisemi hilo.

MamaSpringi:
Hapo kweli. Na msisahau mbele: trela ikipanda sentimita 12, tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari nalo lipande hivyohivyo. Pua ya trela ikiinama gari linaelemewa, ikiinuka sana trela inayumba. Uzito wa pua unaolalia tufe ubaki asilimia 10 hadi 15 ya trela nzima. Ngazi ya mlango pia itakuwa mbali, mama yangu alishindwa kupanda.

Nyuma_ya_Usukani:
Trela_ya_Babu, yubolti mpya, nakuomba. Ukimaliza kilomita mia ya kwanza simama uzikaze tena kwa spana inayopima nguvu ya kukaza.

Trela_ya_Babu:
Nimerudi. Nimeshinda chini ya trela tangu asubuhi. Springi zimenyooka kama za dada MamaSpringi, kwa hiyo naanza na hizo. Chesisi nimegonga: upande wa kushoto, nyuma ya kishikio cha springi, nyundo imetoboa, kidole kinaingia. Kwa hiyo ekseli haihami mpaka hapo paondolewe na kuwekwa chuma kipya. Bomba nalipandisha wiki hii. FundiMstaafu, kipande cha kuunga nikitoe ndani ya chesisi au nje?

FundiMstaafu:
Piga picha pande zote mbili uweke hapa kwanza. Na usiisogeze hiyo trela.