Mashine ipi ya kufyonza vumbi inafaa kwa kazi ya kusafisha mazulia Dodoma?

Mwuliza swali, Ilazo

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi na vijana wangu wawili tunafanya kazi ya usafi hapa Dodoma tangu mwaka juzi. Tulianza na nyumba za watu maeneo ya Ilazo na Kisasa, na sasa tumepata ofisi mbili upande wa Mtumba ambazo zimetandikwa zulia sakafu nzima. Mashine tuliyonayo ni ile ndogo ya nyumbani, nayo imetushinda. Tukimaliza kuipitisha zulia linaonekana safi, lakini mtu akikanyaga kwa nguvu vumbi linanyanyuka, na siku ya kuosha maji yanatoka na rangi ya udongo mwekundu hata baada ya kusuuza mara tatu. Mwezi uliopita mteja alituonyesha meza zake zikiwa na vumbi jipya nusu saa tu baada ya sisi kufyonza. Jambo hilo liliniumiza, kwa kuwa vijana walikuwa wamefanya kazi kwa uaminifu.

Dukani nimeonyeshwa mashine ya pipa la chuma la lita 80, yenye mota tatu na jumla ya wati 3,000, inayofyonza vumbi na maji pia. Ipo na nyingine ya kusimama, yenye brashi inayozunguka chini, ya wati 900 tu, na bei zao zinakaribiana. Fedha niliyonayo inatosha mashine moja. Naomba ushauri wa wanaoifanya kazi hii.

Msimamizi wa usafi, Dodoma mjini

Dada, hongera kwa kazi ya Mtumba, na pole kwa hilo la meza za mteja.

Kwanza weka wati pembeni. Wati zilizoandikwa kwenye mashine ni umeme inaokula, wala hazikuambii inafyonza kiasi gani. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine za nyumbani mwaka 2014, kisha zikakishusha hadi wati 900 mwaka 2017, na mazulia ya huko yanaendelea kusafishwa. Mambo ya kuuliza ni mawili: nguvu ya mvuto, ambayo huandikwa kwa kilopaskali, na kiasi cha hewa kinachopita, ambacho huandikwa kwa lita kwa sekunde. Mvuto ndio unaong'oa uchafu, na hewa inayopita ndiyo inayoubeba hadi kwenye mfuko. Mashine inaweza kuwa na mvuto mkubwa kwenye mdomo wa bomba, lakini ukiifungia kichwa kipana kisicho na brashi, hewa inapita juu juu ya nyuzi na kuacha mchanga ulioshuka kwenye shina.

Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Vumbi la Dodoma ni laini mno, na kuanzia Mei hadi Novemba, mvua zikiwa hazipo, upepo unaliingiza ndani hata kama madirisha yamefungwa. Watu wakilikanyaga linashuka chini ya nyuzi na kukaa kwenye kitako cha zulia, mahali ambapo mvuto peke yake haulifikii. Brashi inayozunguka inazipigapiga nyuzi, inazifungua na kulitikisa vumbi, ndipo hewa inalichukua. Kwa zulia la ofisi, ningenunua ile ya kusimama bila kusitasita, hata kama wati zake zingekuwa nusu ya hizo. Tahadhari ni moja tu: zulia ambalo nyuzi zake ni vitanzi vikubwa visivyokatwa, au la sufu laini, linaweza kuchanika au kuota manyoya kwa brashi kali. Kwa hiyo hakikisha mashine ina kitufe cha kuzima brashi au namna ya kuinyanyua.

Kuhusu vumbi lililorudi mezani, chanzo chake ni kichujio. Mashine inayotegemea kitambaa chepesi hunasa mchanga na kutema nyuma vumbi laini, ambalo huelea hewani kisha hutua juu ya meza wakati ninyi mmeshafunga vyombo vyenu. Tafuta yenye mfuko wa tabaka kadhaa, na nyuma yake kichujio cha HEPA cha daraja la H13, ambacho hunasa asilimia 99.95 ya chembe zile ndogo zilizo ngumu kuliko zote kunaswa. Hata hivyo, kichujio kizuri kwenye mashine yenye mpira wa mfuniko uliolegea hakina faida, kwa kuwa hewa hupita pembeni. Mifuko nayo usiinunue mmoja mmoja. Kabla ya kulipa, uliza duka lina mifuko mingapi ya aina hiyo, na kama haipo kabisa, achana na mashine hiyo hata ikiwa nzuri kiasi gani. Kwa vumbi letu matundu ya mfuko huziba kabla haujajaa, kwa hiyo badilisha pale nguvu inapopungua, usisubiri ujae.

Usikubali kuonyeshwa mashine ikifyonza vipande vya karatasi kwenye vigae, kwa maana kazi hiyo hata ufagio unaiweza. Nenda na kipande cha zulia na nusu kikombe cha vumbi la barabarani, ulikanyagie vumbi humo kwa kiatu, halafu uwaombe wawashe.

Fundi wa mota, Makole

Nakubaliana na msimamizi kuhusu brashi, ila naomba niongeze upande wa umeme, kwa sababu mashine nyingi zinazofika kwangu zimeuawa na matumizi.

Dada, wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni ampea 13, na plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni hizo hizo 13. Maana yake ukiwasha mota zote tatu kwa muda mrefu, unaitumia soketi hadi ukomo wake. Nimeona plagi zilizoyeyuka zikashikana na soketi ya mteja. Mashine hizo kwa kawaida huwa na swichi tatu, na kwa vumbi mota mbili zinatosha. Waya wa ekstensheni uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, na ule unaozungushwa kwenye gurudumu uufungue wote kabla ya kazi, kwa sababu ukibaki umejiviringisha unapata joto na kuyeyuka ndani.

Jambo la pili ni namna mota inavyopoozwa. Mota nyingine hupoozwa na hewa ile ile iliyofyonzwa, kwa hiyo mfuko ukitoboka vumbi hupita ndani yake, na maji yakifika yanaiunguza. Nyingine huwa na njia yake ya hewa ya kupoozea, ambayo haichanganyiki na hewa chafu. Mashine ya kufyonza maji lazima iwe ya aina hii ya pili. Muulize pia muuzaji kama kaboni za mota, yaani vile vipande vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme, zinabadilishika, kwa sababu kaboni huisha kwa kazi ya kila siku. Zikibadilishwa mapema mota inaendelea kuishi, na zikiachwa ziishe kabisa zinakwangua shaba, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia kwa bei nafuu.

Kwa mashine za mitumba kutoka Marekani, soma kibati chake kwanza. Nyingi ni za volti 120, na ukizichomeka hapa zinaungua papo hapo.

Vichujio vinavyooshwa viacheni vikauke kwa saa 24. Kichujio chenye unyevu hugeuza vumbi kuwa tope na kuiziba mashine.

Msafishaji, Singida

Mimi nafanya kazi zaidi kwenye misikiti na kumbi. Pipa la lita 80 likijaa maji ni kilo 80 kabla hujahesabu chuma chenyewe, na vijana wawili hawawezi kulishusha ngazi kwa usalama. Kwa mazulia yasiyogundishwa, nawashauri myageuze kwanza na kupitisha mashine ya brashi upande wa nyuma, kisha mfagie kinachoanguka sakafuni, halafu ndipo mgeuze upande wa uso. Mtashangaa mchanga utakaotoka.

Mwuliza swali, Ilazo

Ndugu zangu, nashukuru sana. Jana nilikwenda dukani na kipande cha zulia na vumbi la pale Nzuguni kama nilivyoelekezwa. Muuzaji hakufurahi mwanzoni, lakini alikubali. Tulipitisha pipa mara sita, uso wa zulia ukawa safi, na nilipolipiga kwa mgongo juu ya kitambaa cheupe likamwaga vumbi jingi. Tulirudia na ile ya brashi, mara sita vile vile, na kwenye kitambaa likabaki vumbi kidogo mno. Nimelipia hiyo pamoja na mifuko 20, na kaka fundi, kaboni zake zinafunguka kwa skrubu mbili.

Swali lililobaki ni siku za kuosha. Bila pipa, maji nitayatoa kwa nini?

Msimamizi wa usafi, Dodoma mjini

Umefanya vizuri. Kwa miezi hii ya mwanzo kodi pipa siku za kuosha tu, lenye mota mbili na lita 30, utoe mfuko wa vumbi na uweke sponji kabla ya kufyonza maji. Kazi ikiongezeka, usinunue pipa. Weka akiba ya mashine inayonyunyiza na kufyonza kwa kichwa kimoja, mfano wa Kärcher Puzzi 10/1, kwa sababu pipa hutoa maji yaliyo juu, na hiyo nyingine huyafuata pale ilipoyapeleka.

Siku ya kuosha, anza kwa kupitisha mashine kavu polepole, na mkono unaporudi nyuma upunguze mwendo zaidi. Kila vumbi linalobaki litakuwa tope likikutana na maji, na huo ndio udongo mwekundu uliokuwa ukiusuuza mara tatu. Sabuni iwe kidogo. Maji ya visima vyetu yana chumvi na hayatoi povu kwa urahisi, hivyo vijana hushawishika kuongeza sabuni, nayo ikibaki kwenye nyuzi hunata na kukamata vumbi upya ndani ya wiki moja. Kiangazi zulia hukauka upesi kwa sababu hewa yetu ni kavu, lakini kati ya Desemba na Aprili waambie wenye ofisi wakuachie Ijumaa jioni. Likishakauka, rudi Jumapili na mashine ya brashi uipitishe mara moja zaidi, kwa maana uchafu wa chini hupanda na unyevu na kubaki kwenye ncha za nyuzi.