Mjadala: Je, kampuni ya ushauri elekezi ni mahali pazuri pa kuanzia kazi?

Mtoa hoja:

Mtoto wa kaka yangu amehitimu shahada ya uchumi na sasa anachagua kati ya halmashauri ya wilaya, ambako ameitwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na kampuni ya ushauri elekezi, yaani inayolipwa kuzishauri taasisi nyingine, iliyopo Dar es Salaam. Baba yake anataka halmashauri. Mimi, niliyeifanya kazi hiyo ya ushauri kwa miaka sita, niko upande wa kijana.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilipitia mradi wa maji, benki na shirika la umma, na nikajifunza kuzisoma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoyatoa mteja, hadi nikaweza kutambua kile ambacho mteja anakitaka lakini hajakiandika. Rasimu yangu ilirudishwa mara nne kabla mbia, mmoja wa wakuu wenye hisa katika kampuni, hajakubali kuitia saini. Shule ya namna hiyo sijaiona kwingine. Gharama yake ni usingizi, kwa kuwa kila saa ya kazi huandikwa ili mteja atozwe, na usiku hubaki kwa ajili ya kuandaa zabuni zinazopaswa kuwa zimeingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, kabla ya saa nne asubuhi. Wiki usiyokuwa na mteja, hata salamu za wakubwa hupungua.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa hoja, usingizi hulipika. Ninachohofia ni kwamba mshauri huondoka kabla ya matokeo ya ushauri wake kuonekana, ilhali afisa wa halmashauri hukutana na wananchi wale wale kila wiki. Tazama Afrika Kusini: mwaka 2018 tume ya Jaji Robert Nugent ilieleza jinsi kazi ya kampuni ya ushauri ya Bain ilivyochangia kuidhoofisha mamlaka ya mapato, SARS, mwaka huo huo McKinsey, kampuni nyingine ya ushauri, ilirejesha takribani randi bilioni moja ilizolipwa na shirika la umeme, Eskom, na Desemba 2024 ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 120 ili kumaliza shauri la rushwa lililohusu Eskom na shirika la uchukuzi, Transnet. Siamini kwamba vijana waliokesha wakichora majedwali ya kazi zile walijua yote yaliyokuwa yakiendelea juu yao, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba mtu anaweza kuwa hodari na mwadilifu na bado akawa anajenga nyumba ya mtu asiyemjua.

Mtoa hoja:

Hoja hiyo siipingi, na inanigusa. Niliwahi kuandika kwamba mradi mmoja hauna faida kiuchumi, nikaombwa kwa upole niilainishe sentensi hiyo, na baada ya rasimu mbili ikasomeka kwamba mradi una fursa za kuboreshwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa nikingoja kupandishwa cheo. Kwa hiyo nimemwambia kijana kwamba siku ya usaili, akishaulizwa kama ana swali, asiulize habari ya mshahara kwanza. Aulize ni nani mwenye neno la mwisho pale mchambuzi na mteja wanapotofautiana kuhusu tarakimu, kisha atazame ni nani kati ya wasaili anayemjibu na ni nani anayeangalia saa.