Naomba ushauri, dogo kapitiliza muda Marekani na hataki kurudi

Wakuu naombeni ushauri, mdogo wangu yuko Marekani, muda aliopewa kukaa umeisha miezi mitano sasa na kila nikimwambia arudi ananijibu "bro huku wanatuhitaji, hawawezi kutugusa". Na kusema ukweli hoja anayo kiasi, maana sheria ya 1986 inakataza kuajiri mtu asiye na kibali ila mwajiri anajaza tu fomu ya I-9 ya kuthibitisha kwamba mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi, akiona karatasi zinafanana na za kweli basi imeisha hiyo, na wenye mashamba na machinjio wakibanwa wanapiga kelele kwa wabunge wao kwamba mboga zitaozea shambani. Kodi nayo hao wafanyakazi wanakatwa kama kawa.

Ila mi naona hizo ni danadana za wanasiasa tu, akiingia mwingine anaamka na misako, na hao matajiri sidhani kama watamtetea dogo. Kinachonitisha zaidi, ukizidisha siku 180 halafu ukatoka unafungiwa kuingia tena Marekani miaka 3, ukifikisha mwaka ni 10. Mwezi ndo umebaki!

Mlioko huko, nimwambieje anielewe? Kuna njia halali akiwa keshapitiliza au apande tu ndege?